Kutu ya Ngano: Kabla Hujatuma Pesa ya Shamba, Uliza Mbegu Gani

Msimu ukikaribia simu haziishi kulia kutoka nyumbani: mbolea imepanda bei, trekta linataka dizeli, mbegu bado haijanunuliwa. Jamaa walioko Muscat, Dubai na hata London hutuma walichojaaliwa. Lakini kuna swali moja ambalo wengi hawaulizi, khasa wenye mashamba ya ngano Narok, Njoro au Kilimanjaro Magharibi: hiyo mbegu ni ya aina gani? Jibu lake laweza kuamua kama pesa itarudi au itaota mbawa.

Adui ni kutu ya shina. Huu ni ukungu. Huanza kama vidoa vyekundu vya rangi ya tofali kwenye shina la ngano. Ukipitisha kidole, unga wake unakushika mkononi. Hunyonya chakula ambacho kingekwenda kwenye punje, na shamba lililokuwa likipendeza hubaki makapi wiki chache kabla ya mavuno. Chembe zake husafiri kwa upepo, hazingoji pasi wala viza.

Mwaka 1998, huko Kalengyere nchini Uganda, kutu ilionekana kwenye ngano zenye jeni iitwayo Sr31, kinga iliyokuwa ikitegemewa duniani kwa miaka mingi. Kutu hiyo mpya ikapewa jina Ug99. Mwaka 2001 ilikuwa Kenya, 2003 Ethiopia, na mwaka 2006 ikaonekana Yemen, jirani kabisa na Oman. Mwaka uliofuata ikathibitishwa Iran. Kwa hiyo sisi tunaokula mkate wa Ghuba habari hii inatuhusu pia.

Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, alikuwa amevuka miaka 90 aliposimama mwaka 2005 kuitahadharisha dunia. Tangu hapo kituo cha utafiti cha Njoro, Kenya, kikishirikiana na kituo cha kimataifa cha CIMMYT cha Mexico, kimekuwa kama chumba cha mtihani. Maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa pale na kuambukizwa kutu kwa makusudi. Zinazofaulu ndizo zinazofanywa wazazi wa mbegu mpya.

Lakini ukungu nao haulali. Ethiopia wakulima waliipenda sana ngano ya Digalu. Msimu wa 2013 ikapigwa na kutu ya ukoo mwingine. Kenya nayo ilikuwa na mbegu ya Robin, nzuri na yenye mavuno. Mwaka 2014 ikagunduliwa kutu mpya ya ukoo wa Ug99 inayoweza kuishinda. Somo la watafiti ni hili: mlango wenye kufuli moja huvunjwa. Ndiyo maana sasa wanakusanya jeni kadhaa ndani ya mbegu moja. Mwaka 2021 walitangaza ngano ya majaribio yenye jeni tano za kinga zilizofungwa pamoja.

Na wenye soya? Wao wana kutu yao, ya ukungu mwingine. Iliingia Uganda mwaka 1996 na ikafika Marekani mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Makerere kilijibu kwa kuzalisha mbegu za Maksoy, ambazo zimechaguliwa kwa kustahimili kutu.

Basi kabla ya kutuma, mwulize ndugu yako maneno manne. Mbegu inaitwaje, na afisa kilimo wa hapo bado anaipendekeza mwaka huu? Isiwe tu kwa sababu baba aliipanda. Pili, imenunuliwa kwa muuzaji aliyeidhinishwa? Tatu, maotea ya msimu uliopita yameng'olewa? Ngano inayoota yenyewe ndiyo nyumba ya kutu ikisubiri msimu mpya. Nne, nani atakagua shamba kila wiki, na pesa ya dawa ya ukungu imewekwa kando? Dawa husaidia vidoa vya kwanza vinapoonekana. Shamba likishakuwa jekundu, ni kumwaga pesa.

Maswali haya si ya kumtilia mtu shaka. Mwenye kulima atafurahi kujua kwamba aliye mbali anafuatilia. Usiba ufa, jamani, kujenga ukuta ni ghali.