Huruma Isigeuke Kifungo: Kwa Nini Tusiwafuge Wanyama wa Porini

Katika ziara za kichungaji, iwe ni kwenye vigango vya Bukoba Vijijini au katika vijiji vya Muleba vilivyo kando ya ziwa, si ajabu kumkuta mtoto wa tumbili amefungwa kamba kiunoni, pembeni ya kibanja. Watoto wa nyumba humpa ndizi, wageni humcheka, na wenyeji husimulia jinsi alivyopatikana: mama yake aliuawa akiharibu mahindi, naye akakutwa bado amemng'ang'ania. "Tulimwonea huruma, Padre," wasema.

Hatuna shaka na huruma hiyo, kwa maana ni mbegu njema ambayo Mungu ameipanda moyoni mwa mwanadamu. Hata hivyo yatupasa kujiuliza inaishia wapi, na ni nani atakayelipa gharama yake.

Kuzoea si kufugika

Mbwa, ng'ombe na mbuzi wameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka. Vizazi vingi vimepita mikononi mwetu, hata tabia zao zikabadilika. Tumbili aliyeokotwa shambani hana historia hiyo. Amezoea watu, lakini asili yake ni ileile ya porini. Angali mdogo hukumbatia na kulala kifuani. Akifikia miaka minne au mitano hukomaa, huota chonge ndefu, na huanza kutafuta cheo chake katika kundi. Kwa kuwa kundi alilo nalo ni familia ile iliyomlea, mtu wa kwanza atakayepimana naye nguvu ni yule aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Siku hiyo watu husema mnyama "amebadilika", kumbe amekua tu.

Ushahidi haupo mbali nasi. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na wenzake walileta sokwe 17 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa, wakawaachia huru katika kisiwa cha Rubondo, katika ziwa hili letu. Kazi hiyo ilikuwa njema, na uzao wa sokwe hao uko Rubondo hadi leo. Lakini madume wawili, ambao maisha ya kufungiwa yalikuwa yamewaondolea hofu ya binadamu, waliwashambulia watu, ikabidi wapigwe risasi. Hatari ya mnyama wa porini huongezeka pale anapoacha kutuogopa.

Magonjwa yasiyobisha hodi

Jeraha la meno huonekana, virusi havionekani. Kichaa cha mbwa chaweza kubebwa na mbwa, mbweha, nguchiro na wanyama wengine wanyonyeshao. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo ili apewe chanjo. Asingoje dalili, wala asitosheke na dawa za majani.

Nasi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa uchungu wa Marburg. Mwezi Machi 2023 ugonjwa huo ulithibitishwa katika Wilaya ya Bukoba: watu 9 waliugua, 6 wakafariki. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ulizuka Biharamulo, na watu 10 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba milipuko hiyo ilitokana na mnyama aliyefugwa. Wataalamu humtaja popo mla matunda, aishiye mapangoni, kuwa ndiye mbebaji wa virusi hivyo. Lakini tukumbuke jinsi ulimwengu ulivyoujua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1967 tumbili walisafirishwa kutoka Uganda kwenda Ulaya kwa kazi za maabara. Watu 31 waliambukizwa huko Marburg na Frankfurt, nchini Ujerumani, na Belgrade, katika Yugoslavia ya wakati ule. 7 kati yao walikufa. Jina la ugonjwa likatoka katika mji huo wa Marburg, ingawa tumbili walitoka ukanda wetu huu. Basi mtoto anayemkamata popo kwa mchezo, au anayemlisha tumbili mkono kwa mkono, anacheza na jambo lililowashinda hata wataalamu katika maabara zao.

Mateso ya aliyefungwa

Tukiri pia kosa letu. Nani kati yetu hajawahi kumsifia kasuku aliyefundishwa kusema "Tumsifu Yesu Kristo"? Kasuku wa kijivu, ambaye angali akipatikana katika msitu wa Minziro, huruka kwa makundi na huweza kuishi miaka 40 au zaidi. Ndani ya tundu, peke yake, wengi wao hujing'oa manyoya kwa upweke. Twamsikia akitoa salamu zetu, lakini hatusikii anachokosa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inatufundisha kwamba mamlaka ya binadamu juu ya viumbe yana mipaka, na kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Sheria ya nchi nayo inakubaliana na fundisho hilo: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatamka kuwa wanyamapori ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais, na kumkamata au kummiliki bila kibali ni kosa. Wazee wetu nao hawakuwa mbali na hekima hiyo. Kila ukoo wa Wahaya ulikuwa na muziro wake, mnyama ambaye wanaukoo walimheshimu kwa kutomla.

Tufanye nini?

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano. Nuhu aliwaweka wanyama wa kila aina katika safina, lakini gharika ilipokwisha Mungu alimwamuru awatoe wote, wakazaane juu ya nchi (Mwa 8:17-19). Hifadhi yake ilikuwa ya muda, na mwisho wake ulikuwa uhuru. Mtakatifu Fransisko wa Asizi naye aliletewa sungura aliyenaswa mtegoni. Alimwachilia, na sungura alipomrudia kila mara, aliwaagiza ndugu zake wampeleke msituni.

Basi ukimkuta mnyama mchanga aliyeachwa, usimpeleke nyumbani. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya wanyamapori ya wilaya, kwa maana wao ndio wenye utaratibu wa kumpokea. Ikiwa tayari unaye, usimwachilie ovyo wala usimuue. Wapigie wataalamu, nao watakuongoza. Usinunue mnyama wa porini, kwa sababu anayenunua mmoja anamtuma mwindaji akamlete wa pili. Nasi wachungaji, makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu, tuwafundishe watoto wetu kuwapenda viumbe wa Mungu pale Mungu alipowaweka.

Kwa familia zinazolinda mashamba yao dhidi ya tumbili, twajua kwamba njaa si hadithi, wala hatuwalaumu kwa kutetea chakula cha watoto. Lakini siku mama tumbili atakapouawa na mtoto wake kubaki, huruma yenu na iwe kamili: mkabidhini kwa wanaohusika. Huruma ya namna hiyo itamwokoa yeye, na itawaokoa pia watoto wenu ambao kesho wangekuwa wakicheza karibu na meno yake.