Kafi Halichukui Nafasi ya Kiwanja

Maji yanapokupwa katika vijito vya delta ya Rufiji, mashine ya boti huinuliwa na pondo hushika kazi. Mwenye mtumbwi husimama tezi, huuchomeka mti ule mrefu topeni, huuegemea kwa uzito wa mwili mzima, kisha hupandisha mkono juu ya mkono mpaka chombo kiteleze mbele. Anayetazama kutoka ukingoni huona mikono tu, kumbe nguvu imeanzia kisiginoni, ikapita mapajani, ikavuka kiuno ndipo ikafika begani. Na kwa muda wote huo nyayo zinalinda mizani ya chombo kisichotulia. Watoto wa Msala, Kiongoroni na Maparoni huijua kazi hiyo mapema. Ukiongeza ndoo za maji, jembe la shamba la mpunga na mwendo wa kwenda shule, utaelewa kwa nini wazazi na hata walimu wengi huuliza: mtoto wa namna hii ana haja gani na kipindi cha michezo? Jibu langu ni kwamba anakihitaji sana, na ushahidi upo.

Kwanza tuupe mwili wa kazi heshima yake, maana sayansi imeshaupa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy na wenzake, waliopima hewa iliyotumiwa na wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya walipokuwa wakitembea na mizigo. Waluo walibeba utosini, Wakikuyu kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza siri yake. Katika kila hatua mwili hupanda na kushuka kama bembea, na sehemu ya nguvu ya kushuka huokolewa ikasaidia kupanda tena. Wanawake wale, wakiwa na mzigo, waliokoa sehemu kubwa zaidi. Huo ni ujuzi uliojengwa tangu utotoni. Lakini tupige hesabu. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, yaani theluthi moja ya uzito wa mwanamke mwenye kilo 60. Kinachozidi ile asilimia 20 hulipiwa kwa jasho. Utafiti mwingine, uliofanywa Afrika Kusini mwaka 2010, ulikuta wabebaji wanatofautiana sana, wengine hawapati nafuu yoyote. Na katika jimbo la Limpopo wachota maji wengi walieleza maumivu ya shingo na mgongo. Ujuzi ni wa kweli, na gharama yake ni ya kweli vilevile.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani kwamba jasho lote ni sawa. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, walionekana kutumia wastani wa dakika 135 kwa siku katika mwendo wa wastani au wa nguvu, na mioyo yao ilikuwa na afya njema. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki nzima. Lakini watafiti hao hao walibainisha mwaka 2020 kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, mara nyingi wakiwa wamechuchumaa au kupiga magoti, misuli ikiwa macho. Sasa linganisha na utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia watu zaidi ya laki 1. Waliofanya mazoezi mengi katika muda wao wa mapumziko walipungukiwa na hatari ya ugonjwa wa moyo na kifo, ilhali waliokuwa na kazi nzito ya mwili waliongezewa hatari hiyo. Unaweza kusema Denmark si Rufiji, na kwamba wenye kazi nzito mara nyingi ndio wenye kipato kidogo. Ni kweli, na mjadala wa wataalamu haujafungwa. Hata hivyo sababu wanayoitaja inaeleweka hata kwa mvuvi wa kamba: kazi haiulizi kama umechoka. Maji yakitaka utoke usiku, unatoka. Kafi likitaka bega lile lile kwa saa nne, linalipata. Mchezo una kupanda na kushuka, una filimbi ya mapumziko, na unaudai mwili mambo ambayo mtumbwi hauyadai: kuruka, kukimbia kwa kasi, kugeuka ghafla, kurusha kwa mkono wa pili. Mifupa ya mtoto inayohitaji mitikisiko ya kuruka ili iwe imara haiipati akiwa amekaa ndani ya chombo.

Wapo watakaosema kwamba wanariadha wakubwa wa Afrika Mashariki walitengenezwa na maisha tu, bila kipindi cha michezo. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mtafiti Bengt Saltin na wenzake walipopima wavulana wa Kenya katika miaka ya 1990, waliokuwa wakienda shule kwa miguu au kwa kukimbia walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutumia hewa kuliko wenzao wasiofanya hivyo. Njia ya shule iliwajengea mapafu na moyo. Ila vijana wenye mapafu ya namna hiyo walikuwa wengi mno, na wengi wao hatukuwahi kusikia majina yao. Tuliowasikia ni wale waliokutana na mwalimu. Katika shule ya St Patrick's, Iten, mwalimu Colm O'Connell alifika mwaka 1976, na kutoka mikononi mwake alitoka Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Maisha yalitoa mbegu, shule ikapalilia. Delta yetu ina mabega, viuno na mizani ya mwili ambavyo pengine havipatikani kwa wingi namna hiyo bara, lakini bila mwalimu wa kuviona na kuvipalilia vitaishia kwenye pondo.

Isitoshe, maisha hayo yenyewe yanabadilika. Mashine za boti na bodaboda zinapunguza mwendo, na si jambo baya, maana hakuna anayestahili kubeba mgonjwa mgongoni. Vijana wa Kibiti, wilaya yetu ya delta, nao hufuata barabara ya kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Watafiti waliwafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Katika mwaka mmoja tu, wanaume waliokuwa wakifanya shughuli za nguvu walishuka kutoka karibu asilimia 79 hadi karibu 26, na uzito wa wahamiaji, wake kwa waume, uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2 kwa wastani. Waliyoyaacha kijijini yalikuwa mazoezi yaliyolazimishwa na kazi. Kazi ilipoondoka, mazoezi nayo yakaondoka. Kijana aliyefundishwa shuleni kuupenda mwendo kwa ajili ya mwendo anahama nao. Aliyejua jembe na kafi tu huviacha kwenye gati la Nyamisati.

Pingamizi zito zaidi ni la vifaa na mtihani. Kiwanja hufurika wakati wa bamvua, mpira hakuna, darasa la saba linakimbizana na mtihani. Lakini rede huchezwa kwa mpira wa matambara, kombolela huhitaji kopo moja, na Sanaa na Michezo ni somo lililomo kwenye mtaala, kwa hiyo kukitumia kipindi chake kwa hisabati ni kumnyima mtoto haki yake. Na liko somo moja ambalo delta ingepaswa kuliongoza nchini, nalo ni kuogelea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao laki 3 walikufa maji duniani mwaka 2021, na miongoni mwa mambo linayoyashauri ni kuwafundisha watoto wa umri wa shule kuogelea na kujiokoa. Bangladesh, nchi ya delta kama yetu, haikungoja mabwawa ya vigae. Watoto walifundishwa ndani ya madimbwi ya vijijini yaliyowekewa majukwaa ya mianzi, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha kwamba vifo vya maji kati ya waliofundishwa vilikuwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 90. Rufiji ina mamba na viboko, hivyo hakuna mwalimu anayepaswa kumwingiza mtoto mtoni hovyo. Hiyo ni sababu ya kuchagua mahali, kuzungushia uzio, kujua saa ya maji na kuweka walinzi. Haiwi sababu ya kumwacha mtoto avuke kila siku akiwa hajui kuogelea.

Kwa walimu wakuu, kamati za shule na wazazi wa Kibiti, ombi ni dogo. Kipindi cha michezo kikifika kwenye ratiba, kifundishwe. Msichana aliyetoka kuchota maji asiambiwe kwamba ameshafanya mazoezi. Apewe nafasi ya kukimbia bila ndoo kichwani. Na mtoto yeyote anayekwenda shule kwa mtumbwi asimalize darasa la saba kabla hajajua kuogelea.