Meza ya Neno Ndani ya Kompyuta

Kwa utaratibu wa mwaka 1969, Kanisa lilitupangia masomo ya Dominika katika mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A Mathayo, B Marko, C Luka. Nasi tumeyapanga majalada ya kompyuta yetu vivyo hivyo. Sura ya sita ya Yohane, isomwayo Dominika ya 17 hadi ya 21 ya Mwaka B, ina jalada lake. Nakala huwekwa pia katika flashi, maana umeme wetu hausubiri amina.

Kwenye kioo, kushoto hukaa Injili, kulia ukurasa mtupu. Vitabu vya ufafanuzi havifunguliwi kabla ya Alhamisi. Mahubiri ya zamani tumeyaweka mbali zaidi, na sababu ipo. Jumamosi moja usiku, kwa uchovu, tuliyafungua ya miaka mitatu nyuma, na kesho yake tukayasoma yalivyo. Baada ya Misa, mama mmoja aliyemzika mwanawe wiki ile alituuliza kwa upole: “Padre, leo ulikuwa unasema na nani?” Hatukuwa na jibu.

Tangu siku hiyo ukurasa ule mtupu huanza na majina ya wagonjwa na wafiwa wa wiki, ndipo Injili isomwe.