Majani Yote Haya, na Ng'ombe Hakuna

Ipo michezo ambayo mtu akiitazama mara moja huielewa. Kabumbu ni mmojawapo: mpira ukiingia wavuni watu hupiga kelele, na hata mgeni aliyeshuka melini jana hujua kuwa jambo limetokea. Bao nalo, ingawa lina hesabu zake nzito, mtu akikaa barazani na wazee siku tatu ataanza kuona kete zinakokwenda. Lakini gofu, wasomaji wetu watukufu, ni mchezo uliokataa kuzoeleka. Viwanja vyake tunavyo Pwani kwa zaidi ya miaka mia, tena vya sifa, na bado wenyeji wanaoweza kueleza nini hasa kinachotendeka mle ndani hawajazi hori moja.

Kanuni zenyewe si ngumu. Kuna mpira mdogo usiozidi gramu 46, kuna fimbo zisizozidi 14, na kuna mashimo 18, kila moja lina upana wa milimita 108, kama mdomo wa kikombe kikubwa cha chai. Kazi ni kuutia mpira shimoni kwa mapigo machache iwezekanavyo. Hapo ndipo akili ya Mswahili inapogoma. Sisi tumezoea kuwa mwenye kingi ndiye mshindi. Huku mtu anatoka kifua mbele akisema amepata sabini, na mwenzake mwenye mia na ishirini anatembea ameinamisha kichwa kama aliyevunja chungu cha mkwe.

Na majina yake sasa! Ukimaliza shimo kwa pigo moja pungufu ya yale yaliyokadiriwa, umepata ndege. Mapigo mawili pungufu, umepata tai. Matatu, umepata albatrosi, ndege wa bahari za mbali ambaye Kisauni hajawahi kuonekana hata akipita. Lakini ukizidisha pigo moja umepata bogi, jina lililotokana na zimwi la kuwatishia watoto wa Kiingereza. Kwa hiyo usione ajabu ukimsikia mtu mzima, mwenye kampuni na wajukuu, akilalamika kuwa asubuhi nzima ameandamwa na mazimwi.

Mchezo huu ni wa Waskoti, na mfalme wao mwenyewe aliwahi kuupiga marufuku mwaka 1457, kwa kuwa vijana waliacha kujifunza kutupa mishale wakawa wanahangaika na mpira. Marufuku haikufaa kitu. Mwaka 1764 watu wa St Andrews, waliokuwa na uwanja wa mashimo 22, waliunganisha baadhi yakabaki 18, na dunia nzima ikafuata. Waingereza walipokuja kututawala waliuleta pamoja na reli, kodi ya kichwa na chai ya saa kumi.

Haya yote yamenirudia hapa nilipo sasa, mbali kabisa na bahari. Niko Nyamarambe, Mugirango Kusini katika kaunti ya Kisii, nimekuja kumtazama mwanangu anayefundisha huku. Ni nchi ya migomba na miwa, ya vilima vinavyofuatana, na haupiti mbali kabla hujakuta nyumba, na nyumba ya pili imeisogelea ya kwanza kama watu wanaosikilizana siri. Jirani yetu ni mzee wa makamo yangu kwa uchangamfu na wa makamo ya baba yangu kwa miaka. Ujana wake aliumaliza Tabaka akichonga vinyago vya jiwe la sabuni, vile vile vinavyouzwa kwenye vibanda vya Malindi na Diani kwa watalii ambao huamini vimechongwa nyuma ya kibanda.

Asubuhi moja nilikuwa na gazeti lenye picha ya uwanja wa gofu wa kwetu Pwani. Ulionekana mbuyu, nyuma yake majani mabichi yasiyo na mwisho, na bwana mmoja mwenye fimbo. Nikamwamkia, "Bwakire, omogaka," naye akaniitikia, akavaa miwani, akalichukua gazeti akalitazama kwa muda mrefu.

"Majani yote haya," akasema, "ng'ombe wako wapi?"

Nikamwambia hakuna ng'ombe.

"Na huyu mwenye fimbo anachunga nini?"

Nimeandika makala tangu enzi za taipureta, na mashairi zaidi ya idadi ya nywele zilizonibakia, lakini swali hilo lilinikosesha la kujibu. Lazima msomaji akumbuke kuwa huku ng'ombe hufungwa bandani na kuletewa majani. Mama anakata matete ukingoni mwa barabara, anayabeba kichwani, na hakuna unyasi unaoachwa uote kwa starehe zake. Nikamweleza mchezo, mashimo, mapigo, ndege na zimwi. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza eka ngapi.

Uwanja wa mashimo 18 huchukua baina ya eka 120 na 200, nikamwambia tuseme 150. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole. Hapa baba hugawanya shamba kwa wanawe, na wanawe kwa wanao, mpaka mtu akajikuta na nusu eka ya kujengea, kulima, kufugia na kuzikiwa. Eka 150 kwa nusu nusu ni familia 300.

"Na wanacheza wangapi?"

Nikasema huenda wanne wanne.

Hakusema neno. Akanirudishia gazeti.

Uwanja wa gofu upo hata kwao, mjini Kisii, katika Kisii Sports Club, lakini swali lake lilikuwa juu ya picha yetu. Basi na tuvitazame hivyo viwanja vya Pwani kimoja kimoja, tukicheka panapochekesha.

Mkubwa wao kwa umri ni ule wa Mombasa, klabu iliyoanza mwaka 1911, juu ya jabali linalotazama bahari karibu na mlango wa Kilindini. Una mashimo tisa tu, na mwenye kutaka 18 huzunguka mara mbili, kama mtu asiye na kanzu ya pili akaigeuza. Kwa mandhari, mashallah, sijui kama Waskoti wenyewe wanao mfano wake. Meli zinapita karibu hata unasoma majina yake. Lakini hapo mchezaji hapambani na mwenzake, anapambana na upepo. Kusi ikivuma, mpira uliopigwa kuelekea baharini hurudishwa kwa mwenyewe kama barua isiyo na stempu. Kaskazi ikiingia, huvutwa pembeni, na ukishavuka ukingo ni mali ya matumbawe. Mvuvi wa chini huko hana habari kuwa vile vidude vyeupe vina bei. Nami kwa heshima ya uwanja huo nilitunga beti moja:

Chuma amekinyanyua, kasimama kama mti,
Macho akayafumbua, akataraji bahati,
Mchanga kautimua, mpira haufuati,
Jioni akaugua, kiuno kama kabati.

Ukivuka daraja unafika Nyali, klabu ya mwaka 1956, yenye mashimo yake 18 kamili. Mahali hapo palikuwa shamba la mkonge, na leo ni majumba, maduka na miti mikubwa ya kivuli. Nyali ni uwanja wa watu wa kazi za ofisini, na Jumamosi mambo mengi ya mji huzungumzwa kati ya shimo la tatu na la tisa kuliko yanavyozungumzwa mikutanoni. Wenyewe wana msemo wa shimo la 19. Msilitafute uwanjani, halipo: ni kaunta ya vinywaji klabuni. Hilo nadhani wasomaji wa ukurasa huu watawasamehe, na ikiwa kuna chai ya tangawizi tutaketi nao kidogo.

Kusini, ng'ambo ya Likoni, uko uwanja wa Diani kwenye hoteli ya Leisure Lodge, nao una mashimo 18. Msitu wa Diani ni kwao mbega, tumbili na nyani, na hawa hawakuulizwa ulipojengwa. Mchezaji anapiga vizuri, mpira unatua mahali safi, na kabla hajafika anatokea mwenye mkia kuutazama kama ni yai. Kanuni za gofu zimelifikiria hata hilo: mpira uliotulia ukichukuliwa na mnyama, unarudishwa ulipokuwa bila adhabu. Nilipoisoma kanuni hiyo niliona kuwa nyani wa Diani ana nafasi kitabuni kuliko mwenyeji wa Ukunda.

Ama Vipingo, kaskazini kuelekea Kilifi, ndiyo ile ya gazeti la mzee. Vipingo nayo ni nchi ya mkonge tangu zama za ukoloni, na mwishoni mwa miaka ya 2000 ndipo ulipotengenezwa uwanja wa Baobab juu ya mteremko unaotazama bahari. Mchoraji wake ni David Jones, na ulikuwa wa kwanza Afrika kupewa idhini ya chama cha wataalamu wa gofu, PGA. Humo wamo twiga na pundamilia wanaotembea kama wanachama waliolipa ada. Mashindano ya wanawake wa Ulaya yalifika hapo Desemba 2019, akashinda Esther Henseleit wa Ujerumani, akashinda tena 2022, na 2023 ikawa zamu ya Aditi Ashok wa India. Mimi ninayasema haya kwa fahari. Jina la Vipingo limetajwa katika nchi ambazo watu wake hawajui kuitamka Kilifi.

Lakini swali la mzee limekaa pale pale. Nani alikuwa hapo kabla ya majani?

Ardhi ya ukanda wetu ilipangwa upya na Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Kila mwenye madai alitakiwa aje na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali. Wamijikenda wengi hati yao ilikuwa kaburi la babu na mnazi uliopandwa na bibi, na karani hakuwa na sanduku la kuwekea mnazi. Hapo ndipo lilipoanza lile neno skwota, linaloitwa juu ya mtu aliyezaliwa pale pale anapoambiwa ahame. Mashamba makubwa ya mkonge yalikuja baadaye, na gofu ikaja baada ya mkonge. Kwa hiyo sitaki kuitwika fimbo ya gofu mzigo ulioanza kabla haijazaliwa. Nasema tu kuwa imekaa juu yake.

Na maji vile vile. Mombasa ilianza kupata maji ya chemchemi za Mzima kwa bomba la zaidi ya kilomita mia mbili katika miaka ya 1950, na hadi leo mkokoteni wenye madumu ya lita ishirini hauna wasiwasi wa kukosa wateja. Majani ya gofu hayajui mgao. Yakikauka wiki mbili mchezo umekwisha. Zamani watu walipata njia: katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki, pale penye shimo hapakuwa na majani, bali mchanga uliotiwa mafuta ukasawazishwa. Siku hizi lipo jani liitwalo paspalamu linalostahimili maji ya chumvi, nalo limepandwa katika viwanja vingi vya pwani duniani. Klabu inayotumia maji ya chumvi au maji machafu yaliyosafishwa, mimi sina ugomvi nayo. Inayonywa katika bomba moja na Kisauni, itueleze.

Hata hivyo nisiwasahau wale ambao bila ya wao mchezo hauchezeki, vijana wanaobeba mikoba, ambao wenyewe huwaita makedi. Hao wanaujua uwanja kuliko mwenye klabu. Wanajua upepo, wanajua mteremko usioonekana, wanajua bwana yupi husogeza mpira kwa kiatu akidhani hatazamwi. Mwanachama anauliza, "Fimbo gani?" na mtoto wa mtaa wa jirani anajibu kwa namba, naye bwana anatii, mambo ambayo ofisini hayawezekani. Mafundi wengi wa gofu wa Kenya walianza kwa mkoba huo begani. Hadi karibu na uhuru wa 1963 klabu kama hizi zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa mkoba peke yake. Leo sheria hiyo haipo, iliyopo ni ada, na mlango wa mkoba ungali ndio mpana zaidi.

Klabu nyingi huwaachia makedi uwanja siku ya Jumatatu. Hiyo ndiyo siku ya kwenda kutazama, kwa rai yangu, kuliko mashindano yoyote yenye mahema na vikombe. Vijana wanacheza kwa fimbo za kuazima, mbili tatu badala ya 14, na mwendo wao ni wa watu waliojifunza kwa macho miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kushika. Asiye na nafasi Jumatatu na aende Mama Ngina baada ya Alasiri. Ufukwe umetengenezwa upya tangu 2019, mihogo ipo na pilipili na ndimu, madafu yapo, na uwanja mkongwe wa 1911 hauko mbali. Hapalipwi kiingilio. Ukisikia mtu anapiga ukelele wa "foo!" usisimame kuuliza maana yake. Inama, ufunike kichwa, na mhogo wako uuhifadhi.