Gemu la Cars na Barabara ya Rusumo

Mtoto aliyependa katuni ya magari yanayoongea atalipenda na gemu lake, nasi tunaona vema mzazi ajue kilichomo. Filamu ya Cars ya Pixar ilitoka mwaka 2006, na gemu likatoka mwaka huohuo. Hakuna damu wala bunduki. Mchezaji anaendesha gari la mashindano liitwalo Lightning McQueen.

Lina mafunzo. Mzee Doc Hudson anamfundisha McQueen kwamba kwenye kona ya vumbi, ukitaka kwenda kushoto, zungusha usukani kulia. Magurudumu ya nyuma hayashiki vumbi vizuri, yanaserereka nje. Usukani wa kinyume huzuia gari lisigeuke kabisa. Madereva wetu wa Ngara wanalijua hilo tangu zamani, hasa masika.

Linalotusumbua ni jingine. Katika filamu, McQueen anafunga breki karibu kabisa na mstari wa mwisho, anarudi kumsukuma mkongwe aliyepata ajali, na kombe linachukuliwa na mwingine. Gemu linaanzia baada ya kisa hicho, na humo pointi hupatikana kwa kushinda. Tena ukigonga, unaendelea na mbio.

Kutoka Lusahunga, Biharamulo, hadi Rusumo, malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita katikati ya makazi yetu yakiwa yamejaa mizigo. Lori la namna hiyo likiwa mteremkoni halisimami ghafla. Kwa hiyo mtoto aoneshwe filamu kwanza, hadi mwisho, ndipo apewe gemu. Na siku hiyohiyo apelekwe barabarani, ameshikwa mkono, afundishwe kuvuka.