Dawa ya zamani, kazi mpya: safari ya kusaka tiba ya fangasi

Mtu wa Mwambao hahitaji kufunzwa fangasi ni nini. Kwa joto letu na jasho letu, choa, mba na mapunye ya watoto tumevijua tangu utotoni. Hizo ni za ngozi, na mrija wa dawa kutoka dukani mara nyingi hutosha (mradi si ule wenye steroidi, ambao hutuliza mwasho huku choa ikizidi kuenea).

Lakini ziko fangasi zinazoingia ndani ya mwili. Moja huitwa kriptokokasi. Hukaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, na mtu huivuta kwa pumzi bila kujua. Mwenye kinga imara kwa kawaida haimsumbui. Aliyedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, hupanda hadi kwenye ubongo ikamletea homa ya uti wa mgongo. Asipotibiwa, hufa.

Dawa zake ni chache, na sababu yake ni hii: chembe ya fangasi inafanana na chembe za mwili wetu kuliko bakteria anavyofanana nazo. Kupata sumu itakayoiua fangasi na kumwacha mgonjwa salama ni kazi ngumu, ya miaka na fedha nyingi. Ndiyo maana watafiti hurudi kwenye kabati la dawa zilizokwishatengenezwa kwa maradhi mengine, wakazijaribu upya.

Mara nyingine hubahatika. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957 ili kutibu saratani, ikashindwa. Baadaye ikaonekana kwamba fangasi ina kimeng'enya kinachoigeuza dawa hiyo kuwa sumu ndani ya fangasi yenyewe. Chembe zetu hazina kimeng'enya hicho. Leo dawa hiyo iliyoshindwa ni nguzo ya matibabu ya kriptokokasi. Utafiti uliochapishwa 2022, uliofanywa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya mshipani, pamoja na siku 14 za vidonge vya flusitosini na flukonazoli, haikuwa duni kuliko sindano za wiki nzima, na madhara yake yalikuwa machache. Kinachoudhi ni kwamba kwa miaka mingi flusitosini haikupatikana katika nchi nyingi za Afrika, na huku ndiko wagonjwa waliko.

Mara nyingine hugonga mwamba. Sertralini, dawa ya sonona, iliizuia fangasi vizuri kwenye maabara, na ni ya bei nafuu. Matumaini yakapanda. Jirani zetu Uganda wakaijaribu kwa wagonjwa 460, Kampala na Mbarara, wote wakiendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya wiki 18, waliokuwa wamefariki kati ya waliopewa sertralini walikuwa asilimia 52. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 46. Haikuwasaidia. Kinachofanyika kwenye kisahani cha maabara si lazima kifanyike kwenye ubongo wa mtu.

Kwa hivyo ukiletewa ujumbe kwenye simu kwamba dawa fulani ya kawaida "imegunduliwa" kutibu fangasi, uliza kwanza: imejaribiwa kwa watu, au kwenye kisahani? Na kama nyumbani yuko anayeishi na virusi vya UKIMWI, naye analalamika kichwa kisichopoa siku baada ya siku, mpelekeni hospitali mkaulizie kipimo cha kriptokokasi. Ni cha damu kidogo tu, na majibu hutoka kwa dakika kama 10.