BLANKETI YA VIPANDE: NAMNA YA KUISHONA



Muhula wa kwanza, nikiwa napita kuzimisha taa katika dortwari, nilimkuta mtoto mmoja wa darasa la saba amejikunja anatetemeka, amejifunika kikwembe cha mama yake tu. Nikamuuliza: «Hauna blanketi?» Akajibu: «Iko, doyeni.» Akainua matela kidogo, nikaiona chini yake imekunjwa. Ilikuwa blanketi ya vipande, mama yake alimshonea mwenyewe. Wenzake walikuwa wamemcheka na kumwita «Bwana Biraka». Yeye akaona afazali baridi kuliko kicheko.

Mtoto huyo ndiye amefanya niandike. Na mimi sina haki ya kumhukumu mtu, kwani nilipokuwa darasa la nane nilimcheka mwenzangu vilevile, na huku nyumbani kwetu tulikuwa tunalala chini ya blanketi ya namna ileile.

Hiyo ya kwetu ni ya koko, mama ya mama yangu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, moto ukapita katikati ya mji wa Goma, nyumba ya koko ikaisha. Aliporudi hakuwa na kitu cha kufunika watoto. Fundi mmoja jirani, ambaye mashini yake iliokoka, akamupa mfuko wa mabaki ya vitenge aliyokuwa anataka kutupa. Koko akaanza kushona kwa mkono. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na siku tano nyuma tukaambiwa kuondoka mjini. Mimi nilikuwa mtoto. Tulikimbilia Sake kwa miguu, na koko alibeba sufuria moja na ile blanketi. Usiku tulilala chini yake watoto watatu. Hakuna aliyecheka.

Sasa tuone mabaki yanatoka wapi. Kitenge kinauzwa kwa yardi 6, ndiyo «piesi» moja, nayo inatoa vikwembe vitatu vya yardi 2. Fundi akikata mikono, shingo na kiuno, pembeni vinabaki vipande vya mviringo na vya pembe. Tembea Birere ao soko la Virunga mangaribi: utaona vimejaa chini ya mashini. Vingine vinachomwa, vingine vinaziba mifereji. Ukiomba kwa heshima, fundi wengi watakupa bure.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

1. Kuchagua. Wax iko na rangi pande zote mbili. Kitenge cha bei kidogo kiko na rangi upande mmoja, upande mwingine imefifia. Vyote vinafaa, lakini angalia upande mbele ya kushona. Usichanganye kitenge na kitambaa kinachovutika kama cha mayo, sababu mshono utakunjana.

2. Kufua. Weka vyekundu na vya buluu peke yao ndani ya maji. Maji yakigeuka rangi, fua tena. Kile kisichoacha kutoa rangi, kiweke kando, kitakuharibia vyeupe vyote. Kausha, kisha piga pasi.

3. Kukata. Tengeneza kipimo cha kartoni chenye upana wa sm 12. Kata kila kipande kwa upana huo. Urefu hauna neno, sm 15, sm 20, sm 30. Kinachotakiwa kuwa sawa ni upana tu.

4. Kuunga mikanda. Unga vipande kichwa kwa kichwa, mshono wa sm 1, mpaka upate mkanda wa sm 192. Blanketi ya kitanda chetu cha internati inataka upana wa sm 140 na urefu wa sm 190. Kila mkanda wa sm 12 ukishonwa pande mbili unabaki sm 10. Basi unahitaji mikanda 14, maana yake karibu metre 27, ao vipande kama 150 vya sm 20. Usiogope hesabu hiyo: mifuko miwili ya fundi inatosha.

5. Kuunga mikanda pamoja. Hapa wengi wanakosea. Wanaanza kila mshono upande uleule, na mwisho kitambaa kinapinda kama ndizi. Ukianza mshono wa kwanza juu, anza wa pili chini, wa tatu juu tena. Funga na pini kila sm 20 mbele ya kushona. Kisha laza mishono yote upande mmoja kwa pasi.

6. Vipande vidogo. Vile ambavyo havifike sm 12 usivitupe. Chukua shuka kuukuu, likate mikanda ya sm 12, na ushone vile vidogo juu yake kimoja kimoja mpaka lifunikwe. Hapo umepata mkanda mwingine.

7. Kujaza. Tandika chini shuka nzima. Juu yake weka blanketi iliyochakaa, ao triko za friperi zilizopasuliwa na kulazwa bila kupandana. Mwisho weka kazi yako. Pitisha uzi kupitia vyote vitatu kila sm 10, ukianza katikati kwenda pembeni, kusudi isifanye mikunjo. Usiruke hatua hii: bila uzi huo, siku ya kufua vitu vya ndani vitakusanyika kona moja. Halafu zungusha ukingo na mkanda wa kitenge kigumu.

Wengine watasema ni kazi ya maskini. Ni kweli, walioianza walikuwa maskini. Wasidi wa Karnataka, kule India, ambao babu zao walipelekwa kutoka Afrika, wanashona blanketi za vipande ziitwazo kawandi; wao wanaanza pembeni na kumalizia katikati. Katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake weusi walishona za nguo za shamba zilizochakaa, ju ya baridi ndani ya nyumba zao. Mwaka 2002, mwaka uleule koko alioanza ya kwake, blanketi zao zilitundikwa katika nyumba kubwa za sanaa za Houston na New York, na mwaka 2006 zikawekwa juu ya timbre za posta.

Turudi dortwari. Nilikwenda nyumbani nikaomba ya koko, nikaitandika juu ya kitanda changu mimi doyeni, watu wote waone. Siku tatu walicheka. Siku ya nne mmoja wa wachekaji akaja kunong'ona: «Doyeni, ile inashonwa namna gani?» Yule wa darasa la saba naye ametoa yake chini ya matela.

Kwa hiyo kila siku ya posho, kisha salongo, tutakutana katika darasa la sita na mashini mbili za miguu. Anayependa alete mfuko mmoja wa mabaki na sindano. Wavulana musiogope, fundi wa sokoni wengi ni wanaume. Blanketi za kwanza ni za wale ambao wanalala na kikwembe tu. Majina yao sitayasoma mbele ya watu.

Doyeni wenu, finalisti